Fidia ya Mtu Aliyefia Kwenye Pamba

Vijana wa ofisi ya kazi waliponiaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na ombi moja: niwaandikie mambo niliyoyaona. Saa haijawahi kwenda sawa tangu nifike nayo nyumbani. Ombi nalitimiza hapa, ingawa nawaonya mapema kwamba siku hizi nakumbuka kama mtu anayeota. Nakaa barazani baada ya chakula cha mchana, upepo unapita, na Bariadi ya ujana wangu inakuja yenyewe: barabara ya vumbi, malori yaliyojaa pamba mpaka yanafanana na vilima vinavyotembea, na nyuzi nyeupe zinaelea hewani, zinatua kwenye nywele za watu, kwenye supu, kwenye mafaili ya serikali.

Nilipelekwa huko nikiwa msichana. Mwaka siutaji, mtaanza kuhesabu umri wangu. Simiyu wakati huo ilikuwa jina la mto tu. Mkoa ulikuwa Shinyanga. Nilitoka Mwanza kwa basi, nikashuka Lamadi. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi yake na ya mbingu ni moja, hata sikujua maji yanaishia wapi. Nikapata pikapu ya kwenda Bariadi, nikakaa juu ya magunia ya dagaa, nikasinzia njia nzima. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza kazini watu wote wa boma la wilaya walijua nimefika kabla sijajitambulisha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya boma. Kulikuwa na meza mbili, taipureta iliyokosa herufi k, na Bwana Luhende, afisa kazi aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na alitembea taratibu kama anayevuka maji. Alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Binti yangu, hivyo vya kisigino uwe unavaa kanisani," akaniambia. "Huku utaingia viwandani, utapita kwenye vyuma."

Kisha akafungua mtoto wa meza akanipa futi kamba, ile ya kitambaa wanayotumia mafundi cherehani. Akasema ajali ikitokea, watu wote wataniambia habari za marehemu: alikuwa mzembe, alikuwa mlevi, alikuwa mtu wa watu. Mimi nipime kwanza. Nipime urefu wa ngazi, upana wa mlango, umbali wa swichi kutoka kwenye mashine. Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa swali la kuuliza msibani. Vitabu vya chuo vilinifundisha kuuliza marehemu alikuwa na mkataba gani. Yeye alisema, "Uliza nani alikuwa anakula kwa mikono yake. Mkataba utaukuta baadaye, au hutaukuta kabisa."

Mara nyingi hatukuukuta. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika, na viwanda vya ushirika vilikuwa na wafanyakazi wa kudumu, wenye sare na likizo. Mara ruksa ikatangazwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao mpya na pikapu zenye vipaza sauti, wakalipa taslimu palepale shambani. Wakulima walifurahi, na nisiseme uongo, hata mimi nilifurahi; duka la jirani lilianza kuuza sabuni ya kunukia. Lakini kwenye mageti ya viwanda vipya sare zilipotea. Kila alfajiri vibarua walijipanga, msimamizi akatoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyenyooshewa kidole akaingia. Jioni akalipwa, na kesho yake akawa hajulikani tena.

Katikati ya msimu mmoja, jua likiwa kali kiasi kwamba bati la boma lilikuwa linalia, Bwana Luhende aliingia ofisini akakaa bila kuvua kofia.

"Kuna mtu amefia kwenye pamba," akasema.

Nilidhani amesema shambani. "Kwenye shamba la nani?"

"Si shamba. Kwenye pamba yenyewe. Imemwangukia ghalani. Wamezika jana, na kiwanda hakijatuletea taarifa."

Nakumbuka nilitazama nyuzi zilizokuwa zinaelea kwenye mwanga wa dirisha, nyepesi, zisizo na haraka, nikashindwa kuelewa. Kitu unachojazia mto wa kulalia kinamuuaje mwanamume mzima?

Marehemu aliitwa Njile, mtoto wa Mzee Ndaki, wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Dutwa. Tulikwenda kwa pikipiki ya ofisi, mimi nimekaa nyuma nikishikilia mkoba. Mji wa Mzee Ndaki ulikuwa umezungushiwa minyaa, umefagiwa vizuri, na watu wa msiba walikuwa bado wamekaa kwenye vigoda na mikeka. Pembeni, kwenye zizi, kulikuwa na ng'ombe wachache waliosimama mbali na wenzao, wageni, hawajazoea mahali.

"Mwadila, baba," Bwana Luhende akasalimu.

"Mwadila," Mzee Ndaki akaitikia. Alikuwa mzee mkavu, mgongo umenyooka, macho hayatulii kwa mtu. "Wenye kiwanda walishakuja. Walileta sanduku, wakaleta gunia la mahindi, wakaleta ng'ombe wale. Nikaweka dole gumba, yakaisha. Serikali nayo imeleta nini?"

"Imeleta maneno, baba."

"Hayo tunayo tele."

Bwana Luhende akacheka kidogo, Mzee naye akacheka kidogo, tukaletewa viti. Mnaoanza kazi, jueni kwamba hapo ndipo shughuli yote ya siku ile ilipofanyika. Angeanza na kifungu cha sheria, tungerudi na vumbi letu.

Akaniachia mimi nieleze. Nikasema kuna njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni ya fidia ya sheria. Mtu akifa kwa ajali iliyotokana na kazi yake na akiwa kazini, mwajiri anawalipa wategemezi wake, na hakuna haja ya kuonyesha kwamba mwajiri alikosea. Hata marehemu awe alizembea, maadamu amekufa, haki ya watoto haifi naye. Fedha zinapelekwa mahakama ya wilaya, hakimu anazigawa kwa wale waliokuwa wanamtegemea. Njia ya pili ni kumshtaki mwajiri kwa uzembe wake, Mahakama Kuu, Mwanza. Huko anaweza kuamriwa alipe zaidi, lakini lazima uthibitishe kosa, utahitaji wakili, na kesi inaweza kumkuta mtoto wa mgongoni ameanza shule. Na kama njia zote mbili zinafanikiwa, hulipwi mara mbili kwa kifo kimoja. Hesabu moja inapunguza nyingine. Akiba ya uzeeni isingekuwepo, kwa sababu vibarua walikuwa hawakatwi wala kuchangiwa.

"Na hii yangu ni njia ya ngapi?" Mzee Ndaki akauliza, akielekeza kidevu kwenye zizi.

"Hiyo ni rambirambi, baba," nikasema. "Makubaliano ya fidia yasiyopita mbele ya afisa kazi hayawafungi watoto. Ng'ombe ni wako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini haki ya watoto bado ipo pale pale."

Akatikisa kichwa, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mimi sina cha kudai. Wamesema mwanangu hakuwa kazini. Wamesema aliingia kwa mlango wa nyuma akaenda kulala kwenye pamba ya watu, ikamfunika. Mtu ameiba usingizi kwa mwenzake, na bado wameniletea ng'ombe. Nikadai tena, nitaonekanaje?"

Hapo ndipo nikaelewa kwamba mzee huyu hakuwa na tamaa wala woga. Alikuwa anaona aibu.

Tukasikia sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. Alikuwa Kabula, mjane wa Njile, mzaliwa wa Kiloleli, ambaye kwa heshima ya Kisukuma hakai mbele ya baba mkwe wake wala kumtazama usoni. Alizungumza na ukuta, na ukuta ukatuletea maneno.

"Huko mahakamani watasema alikufaje?"

"Watauliza," nikajibu.

"Basi mimi naenda. Watoto wangu wanaambiwa kisimani kwamba baba yao alikufa kwa usingizi. Njile aliondoka hapa nyota zikiwa angani. Mtu hatembei umbali wote ule kwenda kulala."

Mzee Ndaki hakumkataza. Alitazama ng'ombe wale wageni mpaka tulipoaga.

Kiwandani tulipokelewa na meneja, kijana mpole wa miwani aliyeletwa kutoka mjini na wenye kampuni. Alitupa soda. Alisikitika kwa dhati, nadhani, na pia alikuwa na hofu ya waliomtuma, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinapishana usoni kwake.

"Dada, pamba ni laini," akaniambia. "Haijawahi kuua mtu aliye macho."

Tuliomba kuona ghala. Mpaka leo nikifumba macho naingia humo. Ni ukumbi mkubwa usio na madirisha, mwanga unapenya kwenye matundu ya bati na kushuka kama kamba, na pamba mbegu, ile ambayo haijachambuliwa, imerundikwa mpaka karibu na paa, mlima mweupe uliolala kimya. Ukisema neno, pamba inalimeza. Nilimwita Bwana Luhende aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwangu, hakunisikia. Upande wa mbele lilikuwepo bomba pana linalonyonya pamba kuipeleka kwenye mashine. Vibarua walikuwa wanasimama chini ya lundo, wanaichota na kulisha bomba. Walipoendelea kuchota chini, pale juu palibaki pamening'inia kama ukingo wa korongo.

Lundo lililomwangukia Njile lilikuwa limeshasawazishwa na sakafu imefagiwa. Lakini kwenye ukuta pamba ilikuwa imeacha alama ya pale ilipofika, mstari wa vumbi jeupe. Nilipanda ngazi nikapima. Kisha nikapima urefu wangu mwenyewe, nikaandika. Bwana Luhende alipima umbali wa kutoka kwenye bomba mpaka mlango wa nyuma. Meneja alitutazama kama watu wanaopima nguo ya harusi.

Msimamizi wa zamu aliitwa Maduhu. Alikuwa mtu mzima, amefanya kazi kiwanda cha ushirika tangu ujana wake, na kilipofungwa akaja hapa. Tulimuuliza mbele ya meneja, maana meneja hakuondoka.

"Ulimwita Njile kazini asubuhi ile?"

"Vibarua ni wengi, afisa."

"Nani alimpanga ghalani?"

"Sikumbuki."

"Nani aliyemfukua?"

Akatazama mikono yake. "Tulikuwa wengi," akasema, akaomba ruhusa arudi kwenye mashine.

Tukiwa njiani kurudi Bwana Luhende alizima pikipiki katikati ya mbuga. Joto lilikuwa linacheza juu ya ardhi, na kwa mbali ng'ombe walionekana wanatembea hewani, miguu haigusi chini. "Yule anakumbuka," akasema. Akawasha pikipiki tukaenda.

Tulipeleka dai mahakama ya wilaya. Jibu la kampuni lilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, Njile alikuwa kibarua wa kutwa, si mwajiriwa. Hiyo haikututisha. Sheria ile ilimtenga kibarua aliyeitwa kwa jambo lisilohusu biashara ya mwajiri, kama mtu uliyemwita akukatie mti nyumbani. Kiwanda cha pamba kikimwita mtu akalishe pamba kwenye mashine, hiyo ndiyo biashara yake hasa. Hoja ya pili ndiyo iliyokuwa mwiba: kwamba siku ile hakuwa kazini. Ikisimama hiyo, fidia yote inaanguka, na vipimo vyangu vingebaki kuwa vipimo vya mahali mtu alipolala.

Tulitafuta shahidi. Vibarua waliokuwepo walikuwa wametawanyika. Wengine walikwenda Mwamanyili kuvuna mpunga, wengine walitusikiliza kwa adabu, wakasema walikuwa upande mwingine. Siwalaumu. Kesho alfajiri walitakiwa kusimama tena mbele ya kidole kile kile.

Siku ya kusikilizwa Bwana Luhende alikuwa kitandani na malaria. Nilikwenda peke yangu, na viatu vyangu vya kufunika vidole. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na madirisha yote yalikuwa wazi. Mzee Ndaki alikaa benchi la mbele upande wa wanaume. Kabula alikaa nyuma kabisa, mtoto mgongoni, amegeuza uso kidogo ili asimwelekee mkwe wake. Wakili wa kampuni alikuwa ametoka Mwanza na tai yake, anajifuta jasho. Hakimu alikuwa baba wa makamo aliyeandika kila neno kwa mkono, kwa hiyo sote tulizungumza polepole, tukisubiri kalamu yake, na kimya cha kati ya jibu na swali kilikuwa kirefu kiasi kwamba tulisikia njiwa juu ya dari.

Nilitoa maelezo yangu na vipimo. Kisha wakili akamwita shahidi wake, Maduhu.

Akaapa. Wakili akamuuliza, "Siku ya tukio, marehemu alikuwa kwenye orodha ya zamu yako?"

"Vibarua hatuna orodha."

"Kwa hiyo hakuwepo kwenye orodha."

"Hakuna aliyekuwepo."

Wakili akakohoa. Akamuuliza kama ni kweli kwamba watu huwa wanaingia ghalani kupumzika kwenye pamba, Maduhu akakubali kwamba hutokea. Wakili akakaa chini, ameridhika. Zamu yangu ikafika, nikasimama, na nasema kweli, maswali yote niliyoyapanga usiku yalitoka kichwani yakaenda. Hakimu ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye maandishi yake. Alitaka tu kuikamilisha sentensi.

"Shahidi, wewe ulikuwa miongoni mwa waliomfukua?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mlimkuta amelala kifudifudi au chali?"

Maduhu alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Njiwa wakatembea juu ya dari.

"Hakuwa amelala," akasema.

"Alikuwaje?"

"Tulimkuta amesimama."

Kalamu ya hakimu ikasimama.

"Tulianza kutoa pamba juu, tukaona mkono," Maduhu akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza kama mtu anayesimulia ndoto aliyoiota mara nyingi. "Mkono umenyooka, juu. Tukachimba, tukapata kichwa, tukapata mabega. Amesimama wima, uso kwenye bomba. Pamba imemshika pande zote kama ukuta, haikumwacha aanguke. Mkono mwingine ulikuwa na konzi ya pamba anayolisha. Mimi ndiye niliyemnyooshea kidole asubuhi ile, getini. Mimi ndiye niliyemwambia asimame pale. Nilimwambia chota chini, ndiyo haraka. Mashine zilikuwa zinanguruma. Kama aliita, hatukumsikia."

Nyuma yangu nikasikia Kabula amevuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayetoka ndani ya maji. Sikugeuka. Nilimtazama Mzee Ndaki. Alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani, na macho yake, ambayo tangu nimjue hayakutulia kwa mtu, yalikuwa yametulia kwa Maduhu.

Wakili hakuwa na swali. Mimi pia sikuwa nalo.

Hakimu aliamua kwamba Njile alikufa akiwa kazini, kwa kazi ya kampuni, na kampuni ikaamriwa kulipa fidia ya sheria. Kampuni ya bima ya kiwanda ikazungusha kwanza, kama ilivyo desturi yao, kisha ikalipa. Hakimu akauliza ni nani walikuwa wanakula kwa mikono ya Njile, kwa maneno karibu yale yale ya Bwana Luhende. Sehemu kubwa ikaenda kwa Kabula na watoto. Ya watoto ikawekwa chini ya mahakama, Kabula akawa anakuja kuichukua kidogo kidogo kwa ajili ya shule. Sehemu nyingine wakapewa Mzee Ndaki na mkewe, kwa sababu Kabula mwenyewe alisimama akasema, akitazama sakafu, "Njile alikuwa analima shamba lao kabla ya letu."

Wengine mmeniuliza kwa nini hatukwenda Mwanza kushtaki kwa uzembe, maana ushahidi wa Maduhu ungetosha kabisa. Ni kweli ungetosha. Nilimweleza Kabula, nikamweleza na muda uliobaki kabla mlango ule haujafungwa na sheria, nikamtajia na wakili wa msaada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mayu, nilichokuwa nakitafuta nimeshakisikia." Afisa anaeleza njia, hatembei kwa miguu ya mwingine. Siku hizi kuna mfuko ambao waajiri wote wanauchangia, na familia inadai huko badala ya kumbembeleza mwajiri, na hilo ni jambo jema sana. Lakini swali la kwanza bado ni lile lile, na bado atatakiwa mtu aseme marehemu alikuwa anafanya nini pale alipofia.

Maduhu hakuitwa tena kiwandani msimu uliofuata. Nilimkuta Lamadi baadaye, anauza sangara waliokaangwa kando ya barabara kuu. Alinifungia mmoja kwenye gazeti, akakataa pesa, tukazungumza habari za mvua.

Nimeliacha la mwisho makusudi, ingawa lilitokea mapema, siku chache baada ya hukumu. Nilikuwa kiwandani kukagua, maana tuliwaamuru wachote pamba kutoka juu kwenda chini na waweke mtu wa kuangalia lundo. Asubuhi ilikuwa ya mawingu, mwanga umetawanyika, hakuna kivuli. Nilikuwa getini nazungumza na mlinzi. Tukaona vumbi linakuja barabarani taratibu. Ndani ya vumbi walikuwemo ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe Mzee Ndaki na fimbo yake, na mbali nyuma yake, kwa umbali wa heshima, Kabula.

Meneja akatoka mbio. "Mzee, hawa ni wako! Hata afisa alikwambia, hakuna anayewadai."

"Najua," Mzee Ndaki akasema. "Mlinipa ng'ombe wa mtu aliyelala. Mwanangu alikufa amesimama. Hawa si wake."

"Sasa mimi nitawapeleka wapi?"

Ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya mbegu za pamba, wakampita meneja, wakampita mlinzi, wakaingia uani na kuanza kula kwenye lundo la mbegu, nyuzi zinawatulia mgongoni kama umande. Vibarua wakaacha kazi wakatazama. Mashine ikazimwa, sijui na nani.

Maduhu, ambaye siku hiyo alikuwa bado yupo, alitokea mlangoni mwa ghala. Wakatazamana na Mzee.

"Ni humu?" Mzee Ndaki akauliza.

"Ni humu, baba."

"Nionyeshe."

Akainua mkono, akanyoosha kidole, chini, karibu na bomba. Mzee Ndaki akaweka fimbo yake nje, ukutani, akaingia. Alitembea mpaka pale, akageuka kulielekea bomba, akasimama. Alisimama tu, mgongo umenyooka, na mwanga wa matundu ya bati ukamshukia mabegani.

Kabula alikuwa amebaki mlangoni. Tangu aolewe hakuwahi kuwa karibu na mzee yule zaidi ya upana wa ua. Alitua kizingitini kidogo, mtoto mgongoni, kisha akavua kandambili zake, akaingia, akaenda kusimama kando yake, bega kwa bega, wote wawili wameelekea upande mmoja. Mzee hakusogea. Tukawaacha humo mpaka walipotoka wenyewe.